Yonathani, Mrithi Aliyepitwa

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Sam. 13:1–14, 14:1–15, 43–45, 18:1–16, 19:1–7, 20:12–17, 24–42, 23:15–18, 31:1–6, 2 Sam. 9:1–13, 1 Nya. 8:33–40.

Fungu la Kukariri: 1 Samweli 23:16. Lifungue katika Biblia yako na kulisoma kwa sauti kila siku ya juma hili, mpaka uweze kulisema bila kutazama.

Wako watu wanaoingia kanisani siku ya Sabato wakiwa na jambo moyoni wasiloweza kulitaja katika maombi ya pamoja. Mwalimu amekaimu nafasi ya mkuu wa shule kwa miaka kadhaa, kisha barua inakuja na jina la mtu mwingine. Muuguzi amewaelekeza kazi vijana wote walioajiriwa katika wodi yake, na mmoja wao ndiye anayefanywa msimamizi wake. Hata kanisani, ripoti ya Kamati ya Uteuzi inaposomwa, yupo anayesikia jina la mwingine mahali alipotazamia kusikia lake. Nje anatabasamu na kupeana mikono ya pongezi. Usiku hapati usingizi.

Jambo hilo si dogo. Cheo huja na mshahara, na mshahara ni ada ya watoto, kodi ya nyumba na dawa za mzazi kijijini. Tena linagusa heshima ya mtu mbele ya mwenzi wake na majirani zake. Kwa hiyo haitoshi kumwambia ndugu wa namna hiyo asijali kwa kuwa Mungu atampa kikubwa zaidi. Huenda asipewe.

Biblia imetuhifadhia maisha ya mtu aliyepitwa katika nafasi ya juu kuliko zote katika taifa lake. Wengi tunamfahamu Yonathani kama rafiki wa Daudi, tukasahau kwamba kabla ya hapo alikuwa mzaliwa wa kwanza wa mfalme. Kiti cha enzi cha Israeli kilikuwa kinamwelekea yeye, kisha kikaenda kwa mchungaji wa kondoo kutoka Bethlehemu. Habari hiyo ilimfikia yeye na baba yake pia, ndani ya nyumba moja. Juma hili tutaona kila mmoja aliipokea namna gani, na nini kilifuata.

JUMAPILI

Mtu Aliyestahili

Soma 1 Samweli 13:2–4 na 14:1–15. Matukio haya yanatuonyesha nini kuhusu uwezo wa Yonathani, na kuhusu imani yake?

Mwanzoni mwa utawala wake Sauli alichagua watu 3,000 kuwa jeshi lake. Alibaki na 2,000 mwenyewe, na 1,000 akawaweka chini ya Yonathani huko Gibea ya Benyamini. Yonathani hakukaa na cheo hicho bila kazi. Aliipiga ngome ya Wafilisti iliyokuwa Geba, na vita ya ukombozi ikaanza. Lakini angalia habari ilivyotangazwa. Sauli alipiga tarumbeta katika nchi yote, na Israeli wakasikia kwamba Sauli ndiye aliyeipiga ngome hiyo. Kazi ilikuwa ya Yonathani, na sifa ikaenda kwa mkubwa wake. Wafanyakazi wengi wanaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Hatusomi popote kwamba Yonathani alidai sifa yake irudishwe. Tunachosoma ni kwamba aliendelea kufanya kazi. Wafilisti walipopiga kambi Mikmashi, jeshi la Sauli lilitawanyika mpaka wakabaki watu wapatao 600. Israeli haikuwa na mhunzi, kwa kuwa Wafilisti walihakikisha Waebrania hawatengenezi silaha. Siku ile ya vita, waliokuwa na upanga na mkuki ni Sauli na Yonathani tu. Watu walijificha mapangoni na kwenye mashimo.

Hapo ndipo Yonathani alipomchukua kijana aliyembebea silaha, wakashuka wawili tu kuelekea ngome ya adui, bila kumwambia baba yake. Njia ilipita kati ya majabali mawili, Bosesi na Sene. Alipanda kwa mikono na miguu akiamini kwamba Bwana anaweza kuokoa kwa watu wengi au kwa wachache. Wafilisti wapatao ishirini walianguka, hofu ikaingia kambini, na Israeli wakapata ushindi siku hiyo.

Jioni yake Sauli alitaka kumwua kwa sababu ya kiapo cha haraka alichokuwa amewaapisha watu, kwamba asile mtu chakula mpaka jioni. Yonathani hakukisikia kiapo hicho, naye alikuwa ameonja asali. Watu walikataa katakata asife. Walijua nani aliyewaletea wokovu siku ile (1 Sam. 14:43–45).

Tukiweka maelezo haya pamoja, tunaona mtu aliyekuwa na uzoefu, ujasiri, imani ya kweli na mapenzi ya watu. Kama kungekuwa na usaili wa kumpata mfalme ajaye wa Israeli, nani angempita? Hapa tuanze kwa kuikubali kweli moja isiyo rahisi: mtu anaweza kupitwa huku anastahili. Kupitwa si hati inayosema kwamba hufai.

Je, umewahi kuhesabu thamani yako kwa uamuzi wa watu waliokaa kwenye kikao ambacho hukuwemo? Mungu alikuwa amekwisha kuona nini ndani yako kabla ya kikao kile?

JUMATATU

Kosa Lisilokuwa Lake

Soma 1 Samweli 13:8–14. Nani alikosa huko Gilgali, na hasara ilimwangukia nani?

Sauli alipaswa kumngoja Samweli siku saba. Aliona watu wanamwacha, adui anakusanyika, na nabii hafiki. Akatoa sadaka ya kuteketezwa mwenyewe. Alipokuwa anamaliza tu, Samweli akafika. Hukumu iliyotolewa haikuwa ya kumwondoa Sauli siku ile ile. Ilisema kwamba ufalme wake hautadumu, na kwamba Bwana amejitafutia mtu aupendezaye moyo wake.

Ufalme usiodumu maana yake nini? Sauli aliendelea kukaa kitini kwa miaka mingi. Aliyepoteza kiti kwa neno lile ni mwanawe. Aliyetoa sadaka ni Sauli, na aliyepitwa ni Yonathani. Baadaye, baada ya uasi wa Sauli katika habari ya Waamaleki, hukumu ilithibitishwa tena (1 Sam. 15:26–28), na Samweli akatumwa Bethlehemu kumtia mafuta mwana wa mwisho wa Yese.

Tena angalia mpangilio wa sura hizi. Neno la Gilgali liko katika sura ya 13. Ushindi wa Mikmashi uko katika sura ya 14. Yaani siku Yonathani alipofanya kazi yake kubwa kuliko zote, uamuzi ulikuwa umekwisha kutolewa. Alipanda jabali lile kwa ajili ya taifa ambalo hangelitawala, na ushindi wake haukubadilisha neno lililotamkwa.

Wengi wetu tunapopitwa tunajichimba kutafuta kosa. Labda ningesema zaidi kwenye mkutano ule. Labda ningefanya kazi saa za ziada. Ni vema kujichunguza, na ikiwa kuna upungufu wa kweli, tuurekebishe kwa unyenyekevu. Lakini kuna nyakati jibu haliko ndani yetu. Bajeti imepunguzwa, idara imeunganishwa na nyingine, mkubwa aliyetufahamu amehamishwa, au mtu mwingine amekosa na sisi ndio tunaolipa. Mtu anayesisitiza kutafuta kosa lake mahali lisipokuwepo hujitesa bure.

Kuna swali zito zaidi. Je, Mungu alimtendea Yonathani haki? Kama kiti cha enzi kilikuwa mali ya ukoo wa Kishi, basi alinyang'anywa. Lakini ufalme wa Israeli ulikuwa wa Bwana tangu mwanzo. Sauli mwenyewe alipewa huku akitafuta punda wa baba yake waliopotea, bila kuuomba. Nafasi tunayoitazamia huanza kuonekana kama mali yetu muda mrefu kabla hatujapewa. Tunaikalia moyoni, tunaipangia matumizi, na siku ikienda kwingine tunaona tumeibiwa. Tofauti kati ya Yonathani na baba yake ilianzia hapa. Sauli aliuona ufalme kuwa wake, na Yonathani aliuona kuwa wa Mungu.

Ni nafasi ipi maishani mwako ambayo umekwisha kuihesabu kuwa yako kabla hujakabidhiwa? Zungumza na Mungu leo kuhusu nafasi hiyo, ukiitaja kwa jina.

JUMANNE

Joho na Mkuki

Soma 1 Samweli 18:1–16. Linganisha yale aliyoyafanya Yonathani na yale aliyoyafanya Sauli baada ya Daudi kumwua Goliathi.

Mara nyingi picha za watoto humwonyesha Yonathani na Daudi kama vijana wa rika moja. Biblia inatupa hesabu tofauti. Daudi alikuwa na miaka 30 alipoanza kutawala, muda mfupi baada ya vita ya Gilboa (2 Sam. 5:4). Ishboshethi, mwana mwingine wa Sauli, alikuwa na miaka 40 alipofanywa mfalme baada ya vita hiyo hiyo (2 Sam. 2:10). Katika orodha ya wana wa Sauli, Yonathani anatajwa wa kwanza, na huyo Ishboshethi, aitwaye pia Eshbaali, wa mwisho (1 Nya. 8:33). Kwa hiyo Yonathani alimzidi Daudi kwa miaka kumi au zaidi. Alikuwa kamanda aliyezoea vita wakati Daudi alipokuwa bado anachunga kondoo.

Siku ile bondeni Ela kijana huyo alifanya lile lile ambalo Yonathani alilifanya Mikmashi. Alimwendea adui mwenye nguvu kuliko yeye, akimtegemea Bwana. Yonathani aliitambua imani hiyo kwa sababu ilikuwa imani yake mwenyewe, na moyo wake ukaambatana na moyo wa Daudi. Mtu mwenye wivu humwona aliyefanya vizuri kama mwizi wa sifa zake. Yonathani aliona ndugu.

Kisha akavua joho lake akampa, na mavazi yake, na upanga, na upinde, na mshipi. Joho la mwana wa mfalme halikuwa nguo ya baridi tu. Lilionyesha yeye ni nani. Upanga, katika nchi iliyowahi kuwa na panga mbili, haukuwa kitu cha kugawa ovyo. Biblia haisemi kwamba siku ile alijua tayari Daudi amepakwa mafuta. Tunachoona ni mkono uliokuwa wazi tangu mapema, hivyo siku alipojua yote hakulazimika kuanza kuufungua.

Kwa upande wa pili kuna Sauli. Wanawake walitoka wakiimba na kucheza, nao katika wimbo wao wakampa Sauli maelfu na Daudi makumi ya maelfu. Sauli akakasirika sana, na tangu siku ile akamwonea Daudi wivu. Kesho yake alikuwa na mkuki mkononi, akautupa ili ampigilie Daudi ukutani.

Sauli alimwondoa Daudi karibu naye akamfanya akida wa watu 1,000, idadi ile ile aliyopewa Yonathani zamani. Kijana wa juzi sasa alikuwa cheo kimoja na mwana wa mfalme, na watu walizidi kumpenda. Tusifikiri kwamba Yonathani hakuliona jambo hilo. Aliliona kila siku.

Mkuki wa siku zetu una sura nyingi. Ni kumpelekea majungu mkubwa wa kazi. Ni kuficha faili ambalo mwenzako mpya analihitaji. Ni kufanya kazi kwa mgomo wa kimyakimya, ili atakapoharibikiwa waseme afadhali ungekuwa wewe. Ni kumtia mwenzio mchanga kitumbua chake huku ukimchekea. Nalo joho lina sura zake: kumkabidhi ofisi kwa ukamilifu, kumweleza mambo ambayo hayajaandikwa popote, kumtambulisha kwa watu kwa heshima.

Tangu ulipopitwa, mikono yako imeshika nini? Ni tendo gani moja dogo la kuvua joho unaloweza kulifanya juma hili kazini?

JUMATANO

Mezani pa Mfalme

Soma 1 Samweli 19:1–7 na 20:24–34. Je, kukubali kupitwa kulimfanya Yonathani anyamaze mbele ya uovu?

Huenda mtu akafikiri kwamba mfano wa Yonathani unamtaka mfanyakazi awe mpole wa kila kitu, asiulize, asilalamike. Maisha yake hayasemi hivyo. Sauli alipowaambia watumishi wake wamwue Daudi, Yonathani alimwendea baba yake na kumsemea Daudi waziwazi. Alimkumbusha kwamba kijana huyo alihatarisha uhai wake, kwamba mfalme mwenyewe alifurahi siku ile, na kwamba kumwaga damu isiyo na hatia ni dhambi. Alizungumza kwa heshima na kwa hoja, na kwa muda Sauli akasikia.

Baadaye mambo yaliharibika. Wakati wa sikukuu ya mwandamo wa mwezi kiti cha Daudi kilikuwa kitupu. Siku ya pili Sauli aliuliza, na Yonathani alipojibu, hasira ya mfalme ikamwakia yeye. Alimtukana mbele ya watu, akimtaja vibaya hata mama yake. Kisha akagusa mahali panapouma: maadamu mwana wa Yese yu hai, Yonathani hatathibitika, wala ufalme wake.

Hayo ndiyo maneno ambayo aliyepitwa huambiwa na watu wanaodhani wanamtetea. Ndugu wa nyumbani humwambia, unakubalije kijana yule akukalie kichwani? Rafiki humwambia, mtoe huyo, nafasi ni yako. Sauli hakusema uongo kuhusu hesabu ya mambo. Daudi akiishi, Yonathani hatakuwa mfalme. Kilichohitajika ni kumleta Daudi tu, na kazi ya kuua ingefanywa na wengine.

Yonathani aliuliza Daudi amefanya nini hata auawe. Jibu lilikuwa mkuki, safari hii ukitupwa kwake. Aliondoka mezani akiwa na hasira kali, wala hakula chakula siku ile. Basi tusiseme kwamba mtu wa imani hakasiriki. Lakini Biblia inataja sababu ya huzuni yake: alihuzunika kwa ajili ya Daudi. Saa ile ile alipokumbushwa hasara yake mwenyewe, alikuwa anasikitikia uonevu anaotendewa mwingine.

Ni lazima tuweke hapa tofauti moja. Aliyempita Yonathani alichaguliwa na Mungu mwenyewe, kwa kinywa cha nabii. Katika ofisi zetu wanaochagua ni wanadamu. Pengine wamechagua kwa haki, na pengine kwa rushwa, kwa undugu au kwa kabila. Tusimwambie ndugu aliyedhulumiwa kwamba rushwa ya mkubwa wake ni sauti ya Mungu. Anaweza kuomba aelezwe vigezo vilivyotumika. Anaweza kukata rufaa kwa utaratibu uliopo, au kupeleka shauri lake kwenye chama cha wafanyakazi. Anaweza kutafuta kazi kwingine bila kujiona amekosa imani. Yonathani ndiye aliyemwambia Daudi aondoke kwa amani, baada ya mishale kurushwa karibu na jiwe la Ezeli, na wote wawili wakalia.

Lakini katika hatua hizo zote, moyo unapaswa kulindwa usimchukie aliyepewa. Mara nyingi huyo hakuiba kitu. Aliitwa tu, akaitika.

Katika mazingira yako ya kazi, utajuaje tofauti kati ya kudai haki na kulipiza kisasi? Watu wanaokushauri wanakusukuma upande gani?

ALHAMISI

Mwituni Zifu, Mlimani Gilboa

Soma 1 Samweli 23:15–18 na 31:1–6. Yonathani alimpelekea Daudi nini mwituni? Je, tumaini alilolitaja lilitimia?

Daudi alikuwa anajificha katika jangwa la Zifu, huku Sauli akimtafuta kila siku asimpate. Yonathani alimpata. Aliondoka, akamwendea mwituni, akamtia moyo aendelee kumtegemea Mungu. Daudi alikuwa amechoka kukimbia, na mtu aliyekuja kumwinua ni yule yule ambaye angefaidika kama angeanguka.

Hapo Yonathani alilisema jambo lote bila kuficha: Daudi atakuwa mfalme juu ya Israeli, naye atakuwa wa pili wake. Hatuna mahali pengine katika habari hizi panapoonyesha wazi hivyo kwamba alikuwa ameutua mzigo. Hakusema atastahimili kutawaliwa na Daudi. Alitamani kufanya kazi chini yake. Wakafanya agano mbele za Bwana. Daudi akabaki mwituni, Yonathani akarudi nyumbani. Biblia haitaji tena kuonana kwao.

Katika hadithi za kawaida, mtu wa namna hii angelipwa mwishoni. Angekaa mkono wa kuume wa Daudi kule Yerusalemu, akiheshimiwa na wote. Haikuwa hivyo. Wafilisti walipigana na Israeli, na Yonathani akafa katika mlima Gilboa pamoja na ndugu zake Abinadabu na Malkishua, vitani pamoja na baba aliyewahi kumtupia mkuki. Hakupata cha kwanza, na hata cha pili alichokitumaini hakukipata.

Tusipite haraka hapa ili tufike kwenye faraja. Wako waaminifu wanaostaafu katika daraja lile lile waliloajiriwa nalo. Wako waliofanya kazi ya watu watatu na kuagwa kwa keki na soda. Neno la Mungu halifichi kwamba jambo hilo hutokea kwa watu wake walio bora. Waebrania 11 inamalizia kwa kutaja wale walioshuhudiwa kwa imani yao bila kuipokea ahadi.

Je, maisha ya Yonathani yalipotea bure? Daudi aliposikia habari alirarua mavazi yake, akafunga, akamlilia. Aliagiza wana wa Yuda wafundishwe ombolezo lake, na ndani yake akautaja upinde wa Yonathani. Miaka baadaye, Daudi akiwa amekaa katika ufalme, aliuliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Wakamleta Mefiboshethi kutoka Lo-debari. Alikuwa na miaka mitano wakati habari ya Gilboa ilipofika. Yaya alipokimbia naye alimwangusha, akawa kilema miguu yote miwili. Alikuja akiogopa, akarudishiwa mashamba ya babu yake, akala mezani pa mfalme siku zote kama mmoja wa wana wa mfalme (2 Sam. 9). Kitabu cha Mambo ya Nyakati kinaendelea kuuhesabu uzao wake vizazi vingi, mpaka kwa wana na wajukuu 150, watu hodari wapiga upinde (1 Nya. 8:40).

Yonathani hakuyaona hayo. Hakuyanunua kwa kuvua joho. Lakini fikiri ingekuwaje kama siku ile mezani angekubali kumleta Daudi auawe.

Kama usingepandishwa cheo kamwe, ni kitu gani katika kazi yako ya leo kingebaki na thamani mbele za Mungu na kwa watu unaowahudumia?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma katika kitabu cha Ellen G. White, Wazee na Manabii, sura zinazoeleza kiburi cha Sauli na jinsi Daudi alivyokuwa mkimbizi. Soma pia Wafilipi 2:3–11.

Sauli na Yonathani waliishi nyumba moja, wakala meza moja, wakapigana vita zile zile, na kiti cha enzi kiliwaponyoka wote wawili. Sauli alikishika kwa nguvu zake zote. Alibaki nacho mpaka siku ya kufa, lakini miaka yake ya mwisho ilikuwa ya hofu, ya kumwinda mtu asiye na hatia, na ya kutilia shaka hata watoto wake. Yonathani alikiachilia, akabaki na imani yake, rafiki yake na dhamiri safi. Yumkini watu wa Israeli walimwona Sauli ndiye mwenye cheo, na Yonathani ndiye aliyekosa.

Hatuwezi kuwa kama Yonathani kwa kukaza meno. Kivuli cha Mwingine kinaonekana katika maisha yake. Yeye aliyekuwa yuna namna ya Mungu hakuona kuwa sawa na Mungu ni kitu cha kushikamana nacho. Alijivua utukufu wake akawavika wenye dhambi, na kutupatia mahali mezani pake tulipokuwa, kama Mefiboshethi, hatuna cha kuleta. Mtu anayejua kwamba amepewa kiti hicho anaweza kukosa kiti cha ofisini na bado asimame. Ataumia. Ataomba huku machozi yakimtoka. Lakini Jumatatu atakwenda kazini, amsalimu aliyepewa, na kumwuliza amsaidie nini.

Kwa walio na mamlaka ya kuteua, maisha haya yana neno pia. Sauli alitangaza ushindi wa Geba kana kwamba ni wake. Mpe mtu sifa ya kazi yake. Na unapompita mtu aliyestahili, mwite, mweleze mwenyewe, asisikie kwa mara ya kwanza kutoka kwenye ubao wa matangazo.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kundi lenu, jadilini maneno ambayo huwa tunamwambia mtu aliyepitwa kazini au kanisani. Yapi humsaidia, na yapi humwongezea jeraha? Yonathani angehitaji kusikia nini siku ile alipotoka mezani bila kula?

2. Yonathani aliuachia ufalme, lakini hakuuachia uonevu upite bila kusema. Toeni mifano ya jinsi Mkristo anavyoweza kufuatilia haki yake kazini bila kuupoteza moyo wa Kristo. Ni dalili zipi zinaonyesha kwamba mtu ameanza kuvuka mpaka?

3. Sauli alimkumbusha Yonathani hasara yake ili amgeuze awe adui wa Daudi. Familia na marafiki wanawezaje kumsaidia aliyepitwa bila kumchochea? Wenzi wa ndoa wana nafasi gani katika jambo hili?

4. Kanisa lenu linawatendeaje viongozi wa zamani baada ya uchaguzi mpya? Pendekezeni jambo moja mnaloweza kulifanya ili aliyemaliza muda wake asijione ametupwa, na aliyechaguliwa asijione peke yake.

5. Yonathani alikufa bila kupata nafasi ya pili aliyoitumaini. Je, jambo hilo linadhoofisha imani yako au linaiimarisha? Eleza kwa nini.